Mate ya Mzee Ma

Ujumbe wa Salwa ulinikuta kibandani Gikomba, katikati ya mabishano na mteja aliyetaka sweta ya sufu kwa bei ya kitambaa cha kufutia meza. Nilikuwa nimeshaapa kwamba hata mimi sikuipata kwa bei hiyo, naye alikuwa ameshaondoka mara mbili na kurudi mara mbili, maana yake tulikuwa tunaelewana vizuri. Nikaiweka simu sikioni, nikasikia Kiarabu ambacho sikuwa nimekisikia kwa miaka, kinatamkwa polepole kama mtu anayemsomea mtoto: babu amefariki, tumemzika Jeddah, alikwenda usingizini, na wewe Mariamu ni katika watu aliowaulizia mwishoni. Nilimwambia mteja achukue sweta kwa bei yake. Akaigeuza ndani nje akitafuta tundu, asilione, akairudisha na kwenda zake, kwa sababu hakuna mtu Gikomba anayeamini bei iliyoshuka bila kupiganiwa. Nikakaa juu ya belo la mitumba ambalo halijafunguliwa na kuusikiliza ujumbe tena. Mara ya pili haukubadilika.

Sitasimulia nilivyofika Saudia. Wakati ule kila mtaa ulikuwa na wakala wa kazi za ndani, na mawakala wote walikuwa na hadithi moja. Anayeitaka amuulize jirani yake. Ninataka kusimulia mwaka mmoja tu, nusu yake Riyadh na nusu yake Jeddah, ndani ya familia iliyokuwa ya Kisaudi kwa kila kitu isipokuwa sura. Baba, yaani kafili wangu, mwajiri aliyenidhamini, alikuwa na macho ya Kichina na kitambi cha mtu aliyelishwa wali na mwana-kondoo tangu utoto, na akizungumza kwenye simu hakuna Mwarabu angemtilia shaka. Madam alitoka katika ukoo wa zamani wa Makka. Binti yao Salwa, mfamasia, alichukua macho ya baba na ulimi wa mama. Siku ya kwanza madam aliniuliza jina, nikamwambia Mwende. Akalionja mdomoni, likamshinda, akasema kuanzia leo wewe ni Mariamu. Chumba changu kilikuwa kati ya mashine ya kufulia na stoo ya mchele, na ukuta wa stoo ulikuwa mwembamba. Upande wa pili ndipo madam alipokaa na simu yake jioni zote, akiwasimulia dada zake. Kiarabu changu nilikisomea hapo, nikiwa nimelala chali. Nilijua maneno ya ndoa kabla sijajua jina la ufagio.

Neno lililorudiwa kuliko yote lilikuwa kafaa, usawa wa nasaba. Salwa alikuwa anakaribia kuposwa na kijana aliyefanya naye kazi hospitalini, Fahad, mtu mpole wa kabila kubwa la kule bara, na wakubwa wa Fahad walikuwa wanakuja kuleta posa. Siku yenyewe nilichemsha kahawa ya iliki tangu mchana. Sebule ya wanaume sikuingia. Nilimkabidhi Baba birika mlangoni, kisha nikabaki nyuma ya pazia na madam na Salwa, tumebanana watatu kama nguo kwenye henga moja. Desturi yao nilielezwa hapo hapo kwa kunong'onezwa: mgeni wa posa huweka kikombe chini bila kukionja, akasema ana haja, na mwenye nyumba akimwambia kunywa kahawa yako, haja imekubaliwa. Ami yake Fahad, mzee mwenye ndevu za hina, akaweka kikombe chini. Wenzake wakaweka. Baba, ambaye alikuwa na haraka ya furaha, akasema kunyweni kahawa yenu. Hakuna aliyekunywa. Ami akauliza kwa upole mkubwa, sauti ya mtu anayeuliza njia, kwamba nyinyi ni wa nani. Baba akasema jina lao la ukoo ni Ma, ni la Kichina lakini asili yake ni Waarabu, kwamba babu yao wa mwanzo alikwenda China na Waislamu wa kwanza kwanza, akaoa, akazaa huko, hadi baba yake, mzee aliyeko Jeddah, alipoletwa Hija akiwa mtoto, wakati nchi yao inageuka ya Wakomunisti, wasirudi tena. Ami akauliza Waarabu wa kabila gani. Baba akasema hilo halikuhifadhiwa.

Ami akainua kikombe na kunywa kidogo. "Nusu nimekunywa," alisema. "Nusu nyingine tutainywa tukishajua."

Walipoondoka nilikwenda kukusanya vyombo. Nilivihesabu, nikavihesabu tena, tabia yangu. Vyote vilikuwa nusu, hata vya vijana waliokaa karibu na mlango.

Msidhani nilishangaa. Ninatoka nchi ambayo ukitaja jina lako la pili, mwenye nyumba anajua kama chumba bado kiko wazi. Niliona tu kwamba kule kwetu tunaulizana hayo tukiwa tumechukia, na hawa waliulizana kwa adabu, juu ya zulia, na tende katikati. Salwa alinieleza mengine jikoni, amesimama na glasi ya maji ambayo hakuinywa. Fahad alikuwa tayari kumwoa hata leo, lakini ana dada ambao hawajaolewa, na akioa mtu asiye na asili, milango ya hao dada itafungwa mmoja baada ya mwingine. Baba yake Fahad alikuwa amelegea kidogo: kabila si lazima lijulikane, alisema, watu hupotea safarini, lakini uthibitike Uarabu. Na siku zile vijana wa makabila walikuwa wameshikwa na mchezo mpya wa kutema mate ndani ya vichupa na kuvipeleka ng'ambo, ili kulinganisha nani na nani ni wa baba mmoja tangu zama za ngamia. Fahad ndiye aliyependekeza. Mate ya mzee wa Jeddah yapimwe, yaseme Waarabu, na kahawa iliyobaki inywewe.

Tulihamia Jeddah mwezi huo huo, Baba alipopewa kazi ya ofisini bandarini, na tukaingia nyumba ya mzee kule Al-Rawdah. Nyumba ilikuwa kubwa na ya giza, mapazia mazito, viti ambavyo hakuna aliyevikalia, na mwishoni mwa korido chumba cha mzee, ambacho ndicho pekee kilichokuwa na harufu ya mtu. Mzee Ma aliuza vitambaa mtaa wa Kandara, hapo hapo Jeddah, maisha yake yote ya kazi, na hilo lilitufanya tuelewane kabla hatujaelewana maneno. Wiki ya kwanza alinijaribu. Aliniambia shuka yake imechakaa, nimtajie ningeiuza kwa ngapi. Nikataja. Akacheka bila sauti, mabega tu, akasema kwa bei hiyo angeinunua mwenyewe. Ijumaa aliingia jikoni kwa fimbo yake, akanifukuza kwenye unga, akakanda, akauvuta ukawa kamba, akaukunja, akauvuta tena, hadi tambi zikamjaa mikononi kama nyuzi za mfumaji. Mimi niliyejiona fundi wa chapati nilisimama pembeni na mwiko. Tulikula na mchuzi wa kondoo, yeye na mimi jikoni, kwa sababu madam hakupenda zile tambi na Baba alikuwa amesahau kama aliwahi kuzipenda.

Wakati wa kula ndipo alisimulia. Jina Ma, alisema, lina watu wa namna mbili. Wako Ma wa farasi, Wachina wa asili, ambao babu yao alikuwa jemadari wa kale, mfalme akampa ardhi yenye jina la kufuga farasi, na wajukuu wakabaki na hilo jina hadi leo. Wamejaa China nzima, na nguruwe wanakula. Na wako Ma wa Mtume. Hao ni wageni Waislamu ambao mfalme mwingine, karne nyingi baadaye, aliwaamuru waache majina marefu na wachukue majina ya nchi, nao waliokuwa na Muhammad ndani ya jina wakachukua Ma kwa kuwa ndilo lililokaribia. "Sisi ni hao wa pili," alisema, akinyonya tambi. Niliuliza mtu anajuaje kama ni wa kwanza au wa pili, ikiwa jina linaandikwa namna moja. Akasema mtu anajua. Kisha akaniambia mchuzi umezidi chumvi, na haukuwa umezidi.

Kichupa kilifika ndani ya boksi jeupe lenye picha za watu wanaotabasamu. Asubuhi iliyofuata madam alikuja jikoni, jambo ambalo hakulifanya bila shida kubwa, akafunga mlango. Alizungumza akiangalia jiko. Alisema mzee ni mzee, hadithi za wazee zina mashimo, na maisha ya binti yake hayawezi kuachwa yaning'inie juu ya shimo. Jumba la jirani lilikuwa na bawabu Mhadhrami, mtu wa Yemen, wa ukoo safi unaojulikana. Mate ni mate. Nikimpata huyo ateme ndani ya kichupa, yeye madam atahakikisha Baba ananitolea ruhusa ya kutoka nchini, niende nyumbani kabla mkataba haujaisha. Nilimwambia nyongeza: pasi yangu mkononi siku ileile. Akakubali haraka mno, nikajua ningeweza kudai zaidi.

Bawabu aliitwa Abdallah. Alilala chini ya ngazi za lile jumba, na jiko lake lilikuwa la mafuta, la utambi mmoja, lenye sufuria moja. Nilimfuata wakati wa kutoa takataka, nikaanza kwa mbali, kama mtu anayeulizia kitu asichokitaka. Nikataja chakula cha kila Ijumaa. Nikataja simu mpya. Nikataja pesa za madam, kisha nikazipandisha, kisha nikazipandisha hadi nikaanza kuzionea huruma ingawa hazikuwa zangu. Nimeuza makoti Januari ya jua kali Nairobi. Sijawahi kushindwa kumfikisha mtu mahali anaposema sawa. Abdallah alinisikiliza hadi mwisho, akauegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu.

"Dada yangu, figo ningekuuzia," alisema. "Tungepatana leo hii."

Kisha akaanza kutaja: yeye ni mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani, akarudi nyuma jina kwa jina, macho yake yakitazama juu ya kichwa changu, hadi mapipa ya takataka yakaanza kunitia aibu. Baba yake hakumwachia nyumba wala shamba wala hata kanzu, alisema. Alimwachia watu hawa tu, na mimi namwambia awaingize ndani ya boksi la Mchina. Hakuwa amekasirika. Alinitakia siku njema, akarudi kufagia.

Nilipompa madam habari, alikaa juu ya debe la unga na abaya yake nyeusi. Akauliza kama nilipandisha vya kutosha. Nikasema nilipandisha hadi ngazi zikaisha. Akasema basi, mzee ateme mwenyewe, Mungu ni mkubwa. Nikauliza habari ya ruhusa yangu, akaniangalia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Ruhusa, alisema, ilikuwa ya mate, haikuwa ya kujaribu.

Mzee alitema siku ya tatu, jikoni, kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na mwanga. Maelekezo yalitaka asile wala asinywe kabla, na mate yafike kwenye mstari. Hakuwa nayo. Kinywa cha mtu wa umri ule ni kikavu kama bahasha. Alijikaza, shingo ikamtoka mishipa, kikaanguka kitone kimoja cha povu. Salwa alishika kichupa kwa mkono mmoja na mgongo wa babu yake kwa mwingine, na akawa anamwambia taratibu jiddi, taratibu, hakuna haraka, na sauti yake ilikuwa na haraka yote ya dunia. Nikachukua ndimu. Sikumpa, niliikata tu mbele yake, pole pole, nikaacha maji yatiririke ubaoni, nikalamba kidole. Mzee akatazama, koo lake likasogea, yakaja. Niliikata ya pili. Mate yalipofika kwenye mstari Salwa alifunga kifuniko, dawa ya ndani ikashuka, akamshika babu yake uso kwa mikono miwili na kumbusu kwenye paji. Mzee hakutabasamu. Aliomba ile ndimu, akala pamoja na ganda lake.

Kusubiri kulichukua wiki nyingi, na nyumba ikawa na adabu ya hospitali. Salwa alipika mantu, vifuko vya unga vyenye nyama, ambazo hazikuliwa. Fahad alipiga simu kila jioni, mwanzoni akizungumza marefu, mwishoni akiuliza tu kama majibu yamekuja. Mzee naye aliacha kusimulia. Ijumaa alivuta tambi zake kimya, na nilipomrudisha kwenye Ma wa farasi ili nimchokoze, alisema jina ni jina, Mariamu, weka vitunguu. Nilidhani ni uchovu.

Majibu yalikuja kwenye simu ya Salwa baada ya chakula cha mchana, na Baba akataka yasomwe pale pale sebuleni, mbele ya mzee, kwa kuwa alikuwa na uhakika. Salwa akasoma kimoyomoyo, akasoma tena, kisha akaeleza kwa sauti ya kazini, ile ambayo nadhani aliitumia kumwambia mtu dawa haipo. Ukoo wa baba wa mzee, ule unaotoka kwa mwanamume kwenda kwa mwanamume bila kukatika, ni wa Wachina. Ni ule wa wakulima wa kaskazini, wa Mto Manjano, wa watu wengi mno ambao hawajawahi kusikia adhana. Baba akasema haiwezekani. Salwa akasema kuna kitu cha pili. Upande wa mama, ule ambao mama humpa mtoto na bibi alimpa mama, wenyewe unaelekea magharibi kabisa, nchi za Waajemi na Waarabu. Baba akashika mikono ya kiti akasema, unaona. Na Salwa akasema, bila kuinua macho, kwamba kitu hicho mtoto wa kiume hupokea lakini hapitishi. Kilimfikia jiddi na kikaishia kwake. "Wewe baba huna," alisema. "Mimi sina."

Niliona Baba akimtazama mzee kama mtu anayetazama nyumba yake mwenyewe na kukuta mlango uko upande mwingine. Riyadh walijibu siku mbili baadaye, na walijibu vizuri, kwa dua na salamu na samahani, ami mwenyewe kwenye simu. Nasaba ni ya baba, halas, yamekwisha, hatuna ubaya na nyinyi. Fahad alisema atangoja. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameoa binti wa ami yake huyo huyo. Ninapoandika haya ninamkumbuka bila hasira, na hilo linanikera, maana mtu mpole akivunja kitu huna hata wa kumtukana. Salwa hakuolewa mwaka ule wala ule uliofuata, na katika ujumbe wake wa juzi hakutaja mume, sikuuliza. Mimi nilimaliza mkataba wangu hadi siku ya mwisho.

Lakini mwaka ule kwangu una mchana mmoja mzito kuliko siku zake zote. Ilikuwa baada ya simu ya ami. Nilipeleka chai chumbani kwa mzee, nikamkuta Salwa amekaa kwenye zulia, mgongo wake umeegemea kitanda, uso umevimba. Mzee alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu haikugusa chini vizuri. Aliniashiria nisiondoke, labda alitaka shahidi, labda alitaka tu mtu mwingine chumbani. Akasema kuna jambo alilisikia akiwa mdogo. Shangazi yake na baba yake waligombana uani juu ya urithi, naye alikuwa chini ya dirisha na bakuli lake la uji. Shangazi akapiga kelele kwamba baba yetu sote alinunuliwa kwa kipimo cha mtama, kwa hiyo asiambiwe habari ya damu. Kule kwao, alieleza, miaka ya njaa watu wasio Waislamu walipitisha watoto wao kwenye milango ya Waislamu wenye nafaka. Waliochukuliwa walitahiriwa, walifundishwa sala, walipewa jina la nyumba. Walikuwa Ma kama Ma wengine. Jambo lile halikutajwa tena, hata na shangazi.

Salwa akageuka kumtazama. "Ulijua. Na ukatema."

"Sikujua. Nilisikia. Nilitaka kichupa kiniambie shangazi alikuwa na hasira tu."

"Kwa harusi yangu, jiddi."

"Kwa harusi yako," mzee alisema.

Nilidhani Salwa atainuka na kutoka, na angetoka nisingemlaumu. Nikaiweka trei chini. Salwa alivuta uzi wa zulia. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa ya kazini wala ya kulia.

"Huyo mtoto," aliuliza. "Kabla ya kuwa Ma, alikuwa nani?"

Mzee alisema babu yake aliishi hadi uzeeni. Alisema kila jioni kazi yake yeye, mjukuu, ilikuwa kumkanda miguu babu huyo kando ya moto, na babu alikuwa akisimulia mambo mengi, ya ngamia, ya theluji, ya bei ya sufu. Alisema hakuwahi kumuuliza.

Salwa akamwambia ajaribu kukumbuka. Labda siku moja lilimtoka bila kuulizwa, kwa usingizi, kwa mzaha. Mzee akafumba macho na kujaribu. Midomo yake ilisogea kidogo, ikaonja sauti moja, ikaiacha, ikaonja nyingine. Tulimngoja, Salwa kwenye zulia na mimi karibu na mlango, hadi adhana ya magharibi ikaanza msikitini na ikamalizika, na mzee bado alikuwa amefumba macho, na hakuna jina lililokuja.